MWANAFUNZI WA UDAKTARI NA ZAHANATI YA MTAA
(Mazungumzo ya Afisa Habari wa Wizara)



Mimi si tabibu. Kazi yangu ni kufikisha habari. Lakini kwa kuwa vijana wetu wengi huvuka bahari kwenda kusomea udaktari Dar es Salaam, wazazi na wagonjwa wana haki ya kujua wanafundishwa wapi, na kwa maradhi yepi.

Tokea Skuli ya Udaktari ya Dar es Salaam ilipoanzishwa mwaka 1963, kitovu cha mafunzo kimekuwa Muhimbili. Elimu ya pale haina ubishi, ila wagonjwa wanaofika pale aghlabu wamekwisha kuchujwa. Mwaka 1961 Dk. Kerr White na wenzake, kwa takwimu za Marekani na Uingereza, walikadiria kuwa katika kila watu wazima 1,000, watu 750 huugua au kuumia ndani ya mwezi mmoja. 250 humwona daktari, 9 hulazwa, na mmoja tu hufikishwa hospitali ya chuo kikuu. Hesabu hizo si za kwetu, lakini swali lake linatuhusu: aliyefunzwa kwa yule mmoja atawajuaje waliobaki?

Natoa mfano wa Kipawa, kata iliyomo Ilala, jirani na uwanja wa ndege. Mkaazi wa huko akiugua huanzia zahanati. Maradhi yakizidi hupanda ngazi hadi Amana, hospitali ya rufaa ya mkoa, ndipo Muhimbili. Katika zahanati mwanafunzi humkuta mtoto mwenye homa ya tangu jana, ambayo bado haijajipambanua. Kipimo cha haraka kikionesha hana malaria, kazi ndiyo kwanza inaanza: ahesabu pumzi, akague masikio, aulize khabari za mkojo na kuharisha, kisha amweleze mama kwa nini hakupewa dawa aliyoitarajia. Humkuta pia bibi mwenye presha ambaye vidonge vyake vilimalizika wiki mbili nyuma, na nauli ya kurudi ikaenda kwenye madaftari ya wajukuu. Hospitali kubwa humpokea bibi huyo akiwa amepooza. Zahanati inaweza kumwahi, iwapo anayemhudumia amefunzwa kuuliza ya nyumbani.

Fikra hii si ngeni Visiwani. Cuba, iliyoanzisha mpango wake wa daktari wa familia mwaka 1984, tabibu na muuguzi wakiishi katika mtaa wanaouhudumia, ndiyo iliyosaidia kuanzisha mafunzo ya udaktari hapa Zanzibar mwaka 2007.

Hata hivyo, kumpeleka mwanafunzi zahanati bila ya msimamizi ni kumtupa, na ni kumdhulumu mgonjwa. Ofisa tabibu mwenye foleni ndefu mlangoni, ukimwongezea kazi ya kufundisha, sharti umpunguzie nyengine.

Nanyi wagonjwa, mwanafunzi anapaswa kujitambulisha kuwa ni mwanafunzi, na kukuombeni ruhusa kabla ya kukupimeni. Asiyeridhia aseme wazi, naye atibiwe na mhudumu wa kituo kama kawaida.