Juu ya nini chanjo ya SIDA inakawia?

Munapoleta watoto kwenye kilo, mara nyingi munatuuliza: "Munganga, munawachanja watoto kwa surua na polio. Juu ya nini hamuwachanji kwa SIDA?" Ulizo hilo ni zuri. Tusikilizane.

Ndani ya damu yetu muko askari. Wengine wanatengeneza kinga inayogandama juu ya kijidudu na kukitia alama. Wengine, wanaoitwa monositi, wanameza kile chenye alama. Lakini askari hafanyi kazi bila amri. Amri zake zimeandikwa ndani ya karibu kila chembe ya mwili: ndizo jeni, tulizopata kwa baba na kwa mama. Ni kama kitabu kikubwa, nasi hatufungui kurasa zote siku moja. Chanjo ni mwalimu anayesema: "Fungua hapa, soma, umujue adui mbele hajafika."

Kule Thailand, tangu 2003, chanjo moja ya SIDA ilijaribiwa kwa watu zaidi ya 16.000 waliojitolea. Matokeo yalitoka 2009: ilipunguza maambukizo kwa 31 juu ya 100 hivi. Hiyo haikutosha.

Halafu watu wa elimu walichunguza damu ya waliochanjwa. Wakatangaza katika 2021 kwamba kuna kundi la jeni, zinazofanya kazi zaidi ndani ya zile monositi. Wale ambao jeni hizo ziliamka kwa nguvu kisha kuchanjwa, hatari yao ya kuambukizwa ilikuwa ndogo zaidi. Katika jaribio lingine, la chanjo iliyoshindwa kukinga, alama hiyo haikuonekana. Basi damu inaweza kusaidia kuchagua chanjo mpya za kujaribu.

Lakini kazi ingali ngumu, kwa kuwa kijidudu cha SIDA kinabadilisha sura yake kila mara. Mwaka ule wa 2021, chanjo nyingine iliyojaribiwa kwa wanawake 2.600 hivi katika nchi 5 za kusini mwa Afrika, hata Zambia jirani yetu, ilisimamishwa. Haikukinga vya kutosha.

Kwa hiyo, mama, mutu akija kukuuzia sindano ya chanjo ya SIDA, usitoe franga zako. Anakudanganya.

Lakini usiseme hakuna la kufanya. Mama mwenye kijidudu asipopata dawa, watoto 15 mpaka 45 juu ya 100 wanaambukizwa kwa mimba, kwa kuzaa ao kwa kunyonya. Akimeza dawa kila siku, na mutoto akapewa zake, hawafiki 5.

Ukiwa na mimba, usingoje tumbo likue. Kuja mapema, pamoja na bwana yako, mupimwe damu. Ukipewa dawa, usiache hata siku moja, hata ukijisikia muzima.

Mama, wewe umekwisha kupimwa?