Mhogo Tusioujua Nyuma ya Nyumba
(Maneno yaliyosomwa mbele ya mkutano wa wakulima)

Mara nyingi tumesimama hapa kunena habari za mashamba makubwa. Leo tumependa kunena habari ya mhogo mmoja tu, nao umeota nyuma ya nyumba yetu, kando ya shimo la takataka, wala hapana mtu aliyeupanda.

Jirani yetu wa kwanza alipouona alisema, "Huu ni Kiroba." Wa pili, ambaye kwao ni pwani ya Kenya, akasema, "Sivyo, hiki ni Kibandameno, nakijua tangu utoto." Akaja bibi mmoja mzee, akatazama vikonyo vya majani jinsi vilivyo vyekundu, akasema, "Wanangu, mhogo huu ni mchungu, msiwape watoto." Kila mmoja alinena kwa yakini, na wote watatu hawakuweza kuwa na haki pamoja. Nasi tulikuwa na watoto wanaopenda kutafuna mhogo mbichi watokapo shuleni. Basi ikatupasa kujua.

Jambo hili si mchezo. Kila mhogo, hata ule mtamu, una ndani yake kitu ambacho ukikatwa au ukitafunwa hugeuka kuwa sumu iitwayo sianidi. Mtamu una kidogo, mchungu una nyingi. Kanuni za vyakula za mataifa huuhesabu mhogo kuwa mtamu ikiwa kilo moja ya mhogo mbichi ina sumu hiyo chini ya miligramu 50. Tena mvua ikikosekana, sumu huzidi katika shina lile lile lililokuwa jema mwaka uliopita. Mwaka 1981, wakati wa ukame katika jimbo la Nampula, Msumbiji, watu zaidi ya 1,000, wengi wao wanawake na watoto, walipooza miguu kwa sababu ya kula mhogo mchungu usiotengenezwa vema. Ugonjwa huo waitwa konzo, na daktari aliyeandika habari zake katika Kongo mwaka 1938 alilikuta jina hilo kwa wenyeji wenyewe. Hapa kwetu ulionekana Tarime mwaka 1985. Mtu aliyepoozwa na konzo haponi tena. Wengine hutembea kwa fimbo, na wengine hawatembei kabisa.

Sasa, kwa nini jina la jirani halitoshi? Mihogo husafiri. Kijana akioa mbali, mkewe huja na fungu la vijiti. Mgeni akipita, huomba pingili mbili akazifunga nyuma ya baisikeli. Njiani jina hupotea, na kule ziendako hupewa jina jipya, pengine la yule aliyezileta. Kwa hiyo mhogo mmoja huwa na majina manne katika tarafa moja, na jina moja hushika mihogo mitatu isiyo ndugu. Wataalamu wa siku hizi, ambao waweza kusoma nasaba ya mmea katika kipande cha jani, wameyakuta mambo hayo mara nyingi. Hatusemi kwamba majina ya wakulima ni ya bure. Twasema kwamba jina ni mwanzo wa kuuliza.

Basi tuliutazama kwa miezi, kwa maana mhogo hauonyeshi alama zake zote siku moja. Mwezi wa tatu hutazamwa majani machanga ya kileleni: je, ni ya kijani au ya zambarau? Yana malaika au hayana? Mwezi wa sita hutazamwa jani lililokomaa, la katikati ya mmea, si la juu wala la chini. Zihesabu ndimi zake; tazama ulimi wa kati, kama ni mwembamba au mpana; tazama rangi ya kikonyo. Mwezi wa tisa hutazamwa shina: rangi yake ya nje, na rangi iliyo chini ya gamba ukikwangua kidogo kwa ukucha, na makovu ya majani kama yamekaribiana au yameachana. Mwezi wa kumi na mbili ndipo huchimbwa, ikatazamwa rangi ya ganda la nje, na ya ganda la ndani, ambalo huwa jeupe au la waridi, na ya nyama yenyewe. Haya yote yaandikeni. Sisi tulidhani tutakumbuka, na mwezi wa sita tukabishana ndani ya nyumba kama kilele kilikuwa na malaika au la!

Tena angalieni, msiyadhanie magonjwa kuwa alama za kabila la mhogo. Jani lililokunjamana lenye mabaka ya njano lina batobato. Umbo lake limeharibika, wala halifai kupimia. Ugonjwa huo ulielezwa na mtaalamu Mjerumani mwaka 1894 kutoka sehemu za Usambara. Michirizi ya kahawia katika shina bichi, na madoa magumu ya kahawia ndani ya mhogo, ni ugonjwa mwingine, ambao Bwana Storey wa Amani aliandika habari zake mwaka 1936. Mmea wenye alama hizo usikate vijiti vyake kupanda, hata ukiwa mtamu kama asali.

Tulichukua jani na kipande cha shina, tukaenda kwa jirani wa kwanza tukaviweka kando ya Kiroba chake. Vikonyo vililingana, shina halikulingana hata kidogo. Tukaenda kwa wa pili. Shina lilikaribia, lakini ndimi za jani zilikuwa mbali kama mbingu na ardhi. Jirani akacheka akasema labda udongo wa takataka umeugeuza. Udongo hugeuza urefu na unene, ni kweli, lakini hatujaona udongo ukigeuza umbo la ulimi wa jani namna ile.

Jibu tulilipata siku ya kuchimba. Mhogo uliopandwa kwa kijiti, ukiuchimba, utakikuta kile kijiti cha zamani chini, na mizizi imetokea kwenye kijiti hicho. Wetu haukuwa na kijiti. Ulikuwa na shina moja lililonyooka, nalo liliendelea chini ardhini kuwa mzizi mkuu mmoja. Maana yake umeota kwa mbegu! Mhogo huchanua, huzaa vitunda vidogo, navyo vikikauka hupasuka na kurusha mbegu. Na mtoto wa mbegu hafanani na mama yake, kama vile watoto wetu wasivyokuwa sisi wenyewe. Kila mbegu ni mhogo mpya. Wala si lazima baba awe mhogo wa shambani. Ule mti wa mpira wa Brazil, ambao Wajerumani waliupanda katika mashamba yao, ni jamaa ya mhogo, na wataalamu wa Amani katika miaka ya 1930 waliichanganya miti hiyo miwili ili kupata mihogo inayoshinda magonjwa. Kwa hiyo majirani zetu walikuwa wakitafuta jina la kitu ambacho hakijapata jina.

Ikabaki habari ya uchungu. Bwana shamba alikuja na karatasi za njano zinazotumika kupimia sumu hiyo. Hufungiwa ndani ya kichupa pamoja na kipande cha mhogo, nazo hugeuka kuwa za kahawia kwa kadiri sumu ilivyo nyingi. Kesho yake karatasi yetu ilikuwa kahawia iliyoiva. Bibi mzee alikuwa na haki, ingawa si kwa sababu ya vikonyo, maana vikonyo vyekundu viko katika mihogo mitamu na michungu pia. Tulipomwambia hivyo alijibu kwamba yeye alitazama vikonyo na pia aliona nguruwe wa mwituni wamepita bila kuugusa. Jambo hilo la pili hakulisema hapo kwanza.

Mhogo ule hatukuula mbichi wala kuuchemsha. Tuliumenya, tukauloweka majini siku nne mpaka ukalainika, tukaukamua, tukauanika juani, ndipo tukautwanga unga. Vijiti vyake havikuwa na dalili ya ugonjwa, basi tukakata pingili tano tukazipanda mpakani, mbali na njia ya watoto, na juu yake tumefunga kitambaa chekundu. Watoto wauita "wa shimoni". Mwakani, Mungu akipenda, tutauchimba tena na karatasi nyingine ya njano, na mwenye kutaka kuja kutazama na aje.