Daktari Akafundishwe Penye Kichuguu

Msikilizaji, orodha ya vituo vya madaktari wanagenzi umeshaisikia, na mvutano wa posho zao pia umeshausikia. Posho ni haki yao. Walipwe, na walipwe kwa wakati. Lakini wiki nzima hatujamsikia mtu hata mmoja akiuliza: madaktari hawa wanaokuja kwetu wamefundishwa nini kuhusu maradhi yetu?

Tunauliza kwa sababu ya ugonjwa wa kala-azar. Mtoto ana homa wiki ya tatu sasa. Mikono imekonda, tumbo limefura, na ukibonyeza upande wa kushoto chini ya mbavu unakuta bandama imevimba, ngumu. Zahanati ya kwanza walimpa dawa ya malaria. Ya pili, dawa ya homa ya matumbo. Mama ameuza mbuzi kwa ajili ya nauli. Kala-azar isipotibiwa huua zaidi ya wagonjwa 95 katika kila 100, ilhali kipimo chake ni tone la damu kidoleni, jibu likatoka mgonjwa akisubiri. Aliyekosekana ni mtu wa kuwaza kala-azar.

Basi tunauliza tena: daktari huyu amefundishwa nini? Amefundishwa wodini, hospitali kubwa, mjini. Wodini hakuna kichuguu. Nzi wa mchanga anayeeneza kala-azar, mdudu mdogo kuliko mbu na asiyevuma sikioni, hujificha ndani ya mashimo ya kichuguu na kutoka jua likizama. Kijana mchungaji huketi papo hapo juu ya kichuguu, akitazama mifugo yake. Hayo hayaonekani wodini. Wodini huonekana mgonjwa aliyechelewa. Kisha anaambiwa akae kwa siku 17 za sindano, bila yeyote kumuuliza mama nyumbani amemwachia nani mbuzi na watoto wengine.

Na sisi wa kaskazini tumezoea. Barabara nzuri Nairobi, maabara nzuri Nairobi, sasa hata maradhi ya kusomewa ni ya Nairobi! Turkana, West Pokot, Baringo, Marsabit, Wajir: kala-azar tunayo sote, na sote hukumbukwa msimu wa kura.

Mwaka 2023 mataifa ya Afrika Mashariki yalikutana Nairobi hiyo hiyo, yakakubaliana kuutokomeza ugonjwa huu. Mwaka huo huo Bangladesh ikawa nchi ya kwanza duniani kuthibitishwa na Shirika la Afya Duniani kuwa kala-azar si tishio tena kwa afya ya umma. Kule hawakungoja wagonjwa waje. Walipita vijijini kuwatafuta wenye homa isiyokwisha, wakapuliza dawa ya wadudu majumbani.

Hapa kwetu pia mfano upo. Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, huwapeleka wanafunzi wake wa udaktari mashinani, wakasome afya ya jamii wakiwa ndani ya jamii. Kama Eldoret inawezekana, mbona isiwe lazima kwa kila chuo, na mbona safari isifike huku kwetu?

Wakuu wa vyuo, watoeni wanafunzi wodini! Waleteni Kacheliba, waleteni Marsabit, watembee boma kwa boma na wahudumu wa afya ya jamii. Magavana, wapokeeni, wapeni malazi na gari. Madaktari wanagenzi, mkifika msikae mezani kungoja foleni. Nendeni kwenye visima, nendeni minadani, wafundisheni watu dalili. Nanyi wazazi, homa ikipita wiki mbili na dawa ya malaria isisaidie, msikubali kurudishwa nyumbani. Semeni wazi: mtoto huyu apimwe kala-azar!

Madaktari wanadai posho, na tunawaunga mkono. Nasi tudai letu: daktari anayeyajua maradhi yetu. Tudai kanisani, tudai msikitini, tudai kwenye kila baraza, wala tusinyamaze hadi tumpate.