Kabla Maji Hayajafika, Nani Ana Orodha?

Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia vya Nyando na Nyakach

Juu ya mvua yenyewe hatutasema mengi, maana ninyi mnaijua kuliko sisi. Nyanda za Kano ni tambarare, udongo wake ni ule mweusi unaonata, na mto Nyando unatuletea maji yaliyonyesha mbali huko Nandi na Kericho. Mtu analala jua likiwa limewaka kutwa nzima, anaamka sufuria zinaelea. Hayo si mageni kwenu.

Sisi leo tunataka kuzungumza juu ya daftari. Ndiyo, daftari la shilingi chache tu.

Lori la msaada likifika kijijini, swali la kwanza huwa, "Orodha iko wapi?" Kama haipo, inaandikwa pale pale, watu wamesimama kwenye matope, na anayeiandika ni yule aliyebahatika kuwa na kalamu. Na mwenye kalamu ana ndugu zake. Tusidanganyane, wenzangu. Si lazima awe mwizi. Anaandika anaowaona na anaowakumbuka, basi. Asiyeonekana siku ile, watoto wake watalala njaa hata kama magunia yalikuwa mengi.

Sasa, ni nani haonekani?

Wa kwanza ni yule aliyekwenda kwa jamaa. Maji yakijaa Nyakach ya chini, wengine wanahamia kwenye shule au kanisa, lakini wengi wanapanda Nyabondo kwa dada, kwa mjomba, kwa wakwe. Wanaohesabiwa ni wa pale shuleni, kwa sababu wamekaa pamoja na ni rahisi kuwahesabu. Yule wa Nyabondo hayumo. Na dada yake aliyekuwa na watoto watano sasa anapikia kumi na wawili kwa gorogoro ile ile ya unga, naye pia hayumo, kwa kuwa nyumba yake haikuguswa na maji. Kwa maoni yetu huyu dada ndiye shirika la kwanza la msaada katika nchi hii, na hakuna anayempelekea hata sabuni.

Sheria haiko upande wa kumsahau huyo mhamaji. Sheria ya Kenya ya mwaka 2012 juu ya wakimbizi wa ndani inawatambua pia waliohamishwa na majanga ya asili, na maelezo yake ya nani ni mkimbizi wa ndani hayasemi lazima awe kambini. Mkiambiwa "hawa hawako kambini," jibuni kwa heshima kwamba mafuriko yamewahamisha vile vile.

Wa pili ni mama aliye ndani ya boma kubwa. Lango ni moja, jina linaloandikwa ni la mzee, lakini ndani mna nyumba tatu, jiko tatu, na pengine mjane wa kijana wao aliye na jiko lake la nne. Gunia moja likipita lango lile linaishia wapi? Mnajua wenyewe. Kwa hiyo katika daftari lenu hesabuni jiko, msihesabu lango.

Kwa wenzetu wa mjini, kama Nyalenda, ni mpangaji. Maji yanabeba godoro lake na mtaji wake wa omena, halafu orodha inaandika mwenye nyumba.

Siku hizi kuna jambo lingine. Msaada mwingine hauji kwa lori, unakuja kwa simu. Tunaupenda huo, maana mtu ananunua anachohitaji. Lakini nyanya ambaye laini yake imesajiliwa kwa jina la mjukuu aliyeko Nairobi, jina la kwenye simu halitalingana na la kitambulisho, na pesa zinaweza kukwama. Jambo hilo mnaweza kulitengeneza wiki hii, kukiwa kukavu. Karani wa kikundi apite nyumba kwa nyumba aulize tu: laini hii ni ya nani?

Halafu andikeni ni maji gani yaliyomtoa mtu. Mnashangaa? Maji ya mto na maji ya ziwa si ndugu. Nyando au Sondu ikifurika, mara nyingi maji yanapungua baada ya siku au wiki kadhaa, na mtu anarudi kusafisha nyumba na kupanda upya. Ziwa haliondoki hivyo. Mto unaolitoa maji ni mmoja tu, Nile, kule Jinja nchini Uganda. Mei 2020 kipimo cha Jinja kilifika mita 13.42, ikazidi kidogo alama ya mwaka 1964, ambayo wazee wetu walikuwa wakiisimulia kama hadithi. Mei 2024 ziwa likapanda zaidi. Wa Ogenya na wa ufuoni kwingine wanajua maana yake: shamba linageuka ziwa kwa miezi mingi, na unga wa wiki mbili haumfikishi mtu popote. Huyo anahitaji mahali pa kulima. Orodha isipowatenganisha hawa wawili, wote watapewa blanketi na kuambiwa kwaheri.

Na wale wa madarasani nao wana haraka yao. Mwaka 2024 serikali iliahirisha kufungua shule kwa ajili ya mafuriko, zikafunguliwa Mei 13. Shule ikifunguliwa, familia zilizolala mle lazima zitoke. Andikeni mapema nani hana pa kwenda.

Kuna vipimo ambavyo mashirika mengi ya msaada duniani hutumia: maji lita 15 kwa kila mtu kwa siku, na choo kimoja kwa watu 20 pale wanapokaa muda mrefu. Mkiwa na hesabu yenu mnaweza kusema: sisi ni watu 140, tunahitaji lita 2,100, na tumepata nusu. Hapo mnazungumza na Msalaba Mwekundu au na ofisi ya kaunti kama watu wenye hesabu. Bila daftari mnabaki kusema "tunateseka," na kila kijiji kinasema hivyo.

Basi, daftari ni mawili. Moja mnakaa nalo, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri. La pili liwe kwa mtu mnayemwamini huko juu, kusikofika maji. Majina yasomwe kwa sauti mbele ya mkutano, naibu wa chifu na mzee wa kijiji wakiwepo, na yeyote aruhusiwe kupinga. Kutakuwa na ugomvi. Ni afadhali mgombane sasa mkiwa chini ya mwembe. Na aandike mtu ambaye hata wasiompenda wanamwamini. Mara nyingi tumeona huyo ni mama mmoja mkali wa kikundi cha merigoraundi.

Mvua za Machi zisikute kurasa tupu. Sasa tuchukue maswali. Tuanze na akina mama wa nyuma kule.