Kujifunza Kutengeneza Kurasa za Tovuti Bila Shule

(Mazungumzo haya yalitolewa mbele ya vijana wa kambi na mwalimu wa kujitolea aliyekulia Mutakura, Bujumbura. Tunayachapa kwa faida ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.)



Nimeombwa niseme juu ya kazi ya kutengeneza kurasa za tovuti, yaani zile kurasa ambazo mtu huzisoma katika simu au kompyuta anapoingia kwenye intaneti. Wengi wenu mmeniuliza kama inawezekana kuijifunza bila shule, bila mwalimu wa kila siku, na umeme ukiwa wa kubahatisha. Inawezekana. Lakini wanaoanza ni wengi na wanaoendelea ni wachache, na hilo ndilo nataka tulizungumze zaidi.

Kwanza jueni kwamba ujuzi huu hauna mwenyewe. Ulibuniwa na Mwingereza aitwaye Tim Berners-Lee, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha CERN, Geneva, nchini Uswisi. Alitoa pendekezo lake mwaka 1989. Tarehe 30 Aprili 1993 CERN ilitangaza kwamba watu wote wanaweza kuutumia bila malipo. Sisi Warundi mwaka huo wa 1993 tunaukumbuka kwa mambo mengine, na baadhi ya wazazi walioketi hapa walivuka mpaka kwa mara ya kwanza kwa sababu yake. Hata hivyo mlango uliofunguliwa mwaka ule haujafungwa. Mtu akikudai ada ili akupe ruhusa ya kutumia HTML, usimpe hata senti moja.

HTML ni nini? Ni maandishi ya kawaida yaliyotiwa alama ili kompyuta ijue hiki ni kichwa cha habari na hiki ni aya. Ukiandika hivi:

<h1>Fundi wa Baiskeli</h1>
<p>Naziba pancha na kunyoosha rimu.</p>

kisha ukahifadhi faili hilo kwa jina linaloishia na .html, ukalifungua kwa kivinjari, utaona kichwa kikubwa na chini yake aya moja. Huhitaji intaneti kwa kazi hiyo. Kompyuta yoyote yenye programu ya kuandikia inatosha, na hata simu inafaa ukiweka programu ndogo ya kuandikia. Hilo wengi hawalijui. Hukaa wakingoja mtandao, na kumbe kazi ya miezi ya mwanzo haiuhitaji sana.

Walioanza kompyuta Bujumbura watapata tabu moja ndogo. Kule tulizoea kibodi ya Kifaransa, ambayo herufi zake za kwanza ni A, Z, E. Hapa ni Q, W, E. Vidole vyako vitaandika q badala ya a, na utatafuta m pasipokuwa pake. Zile alama mbili za mshale, < na >, zilizokuwa kwenye kitufe kimoja upande wa kushoto, hapa ziko juu ya mkato na nukta. Usidhani umekuwa mjinga. Kwa siku kadhaa andika polepole, vidole vitazoea.

Kuhusu Kiingereza, msiogope. Alama ishirini au thelathini zinatosha kuanza. Ile p ni aya, na aliyesoma Kifaransa shuleni ataikumbuka kwa neno paragraphe. Ziandike kwenye daftari, na mbele ya kila moja weka maana yake kwa Kirundi au Kiswahili, kwa maneno yako mwenyewe.

Baada ya HTML hufuata CSS, ambayo hupanga rangi na nafasi. Kisha huja JavaScript, ambayo huufanya ukurasa utende jambo, mathalani kujumlisha bei. Naomba msikilize vizuri hapa, maana ndipo wengi huacha. HTML ni mpole. Ukisahau kufunga alama, kivinjari husamehe na kuonyesha kitu fulani. JavaScript haisamehi. Mabano moja yakikosekana, programu nzima inaweza kukataa kufanya kazi, na ukurasa ukakaa kimya kama jiwe. Kijana aliyekuwa akifurahi kila siku ghafula anakesha siku tatu bila kuona chochote, kisha anasema, "Kichwa changu hakifai."

Kichwa chako kinafaa. Kinachokosekana ni jicho la pili. Kwa hiyo msijifunze mmoja mmoja hata kama hakuna mwalimu. Sisi tuna desturi ya ikibiri: leo tunalima shamba la huyu, kesho la yule. Fanyeni hivyo hivyo. Watu watatu, simu moja yenye chaji, leo kwa huyu, kesho kwa mwenzake. Mmoja asome kwa sauti mstari kwa mstari, wa pili afuate kwa kidole, wa tatu aandike kwenye daftari. Kosa ambalo mtu mmoja hakuliona usiku kucha, watatu wanaweza kuliona kwa nusu saa. Likishindikana, ondoeni nusu ya mistari mjaribu tena; kama ukurasa sasa unafanya kazi, kosa limo katika nusu mliyoiondoa.

Jambo la pili linalowakatisha vijana tamaa ni kufuata masomo yasiyo na mwisho. Leo somo la kwanza, kesho la pili, na baada ya miezi miwili hana kitu cha kumwonyesha mama yake. Mimi nashauri kinyume. Katika wiki ya pili tu, tafuteni mtu mmoja mwenye shida ndogo, mmtengenezee ukurasa wake. Fundi baiskeli anataka bei zake zisomeke. Kikundi cha kina mama washonaji wanataka orodha ya nguo na vipimo. Mwalimu anataka ratiba. Ukurasa huo ukae ndani ya simu tu, usiende kokote. Fundi akikuuliza, "Mbona hukuweka bei ya tairi?" basi kesho utaamka mapema bila kuamshwa, kwa kuwa kuna mtu anayekungoja. Sijaona dawa nyingine iliyo bora kuliko hiyo.

Wenzetu wamefika mbali kwa njia ya kufundishana. Katika kambi ya Dzaleka nchini Malawi, iliyofunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza, Mrundi mwenzetu Remy Gakwaya, naye akiwa mkimbizi, alianzisha mafunzo ya kuandika programu yanayoitwa TakenoLAB. Wanafunzi wake walikuwa vijana wa kambi kama ninyi.

Sasa niseme ukweli kuhusu kazi, maana wengine wamekuja kwa ajili hiyo tu. Ujuzi huu hautakupa mshahara baada ya miezi mitatu. Mkimbizi ana vikwazo ambavyo kijana wa mjini hana: vibali, akaunti ya benki, ruhusa ya kutoka. Mnavijua kuliko mimi ninavyoweza kuvieleza. Kwa sababu hiyo matapeli hutuwinda. Mtu anakuandikia kwamba amekupatia kazi ya tovuti Ulaya, tuma kwanza pesa za fomu. Kazi ya kweli haianzi kwa wewe kulipa. Ukiona ujumbe wa namna hiyo, uonyeshe ofisi ya shirika kabla ya kujibu.

Aidha, kuna jambo ambalo si la mzaha. Ukiwa unatengeneza ukurasa utakaokwenda kwenye intaneti, usiweke jina la jirani, picha yake, wala namba ya nyumba yake bila idhini yake. Kuna watu humu ambao hawataki ajulikane yeyote mahali walipo, na wana sababu zao. Kitu kikishatoka kwenye intaneti huwezi kukirudisha chote, hata ukifuta.

Wazazi, nanyi nina ombi. Msichana akiwa ameshika simu na daftari, msiseme mara moja kwamba anacheza. Muulizeni akuonyesheni alichokiandika. Saa za maji na kuni zikimalizika, mpeni saa moja ya mwanga, kama mnavyompa kaka yake.

La mwisho ni kuhifadhi kazi. Watu wa Mutakura tumeondoka majumbani mwetu zaidi ya mara moja, katika vita vya miaka ya 1990 na tena mwaka 2015, na kila mara mtu alibeba kilichoingia mikononi. Soko kuu la Bujumbura liliungua tarehe 27 Januari 2013. Aliyekuwa na daftari moja tu la madeni, likiwa dukani, hakuwa na la pili la kumkumbusha. Kurasa zenu ni nyepesi mno, kilobaiti chache tu kila moja. Wekeni nakala kwenye memori kadi, na nyingine kwenye simu ya mwenzako. Alama muhimu ziandikwe kwenye daftari kwa kalamu, maana daftari halihitaji chaji. Siku ya safari, iwe ya kurudi nyumbani au ya kwenda kwingine, memori kadi inaingia ndani ya mshono wa nguo.

Tutakapokutana tena, njooni watatu watatu. Kila kikundi kiwe kimekwisha kumpata mtu wake na kumuuliza anataka nini kwenye ukurasa. Simu si lazima. Daftari ni lazima.