Kubuni Jalada la Kitabu kama Kazi ya Ubunifu Darasani

Jalada la kitabu lina sehemu tatu: mbele, mgongo na nyuma. Mbele hukaa jina la kitabu, la mwandishi na picha. Mgongoni jina hurudiwa ili kitabu kitambulike kikiwa rafuni. Nyuma huwekwa maelezo mafupi ya kumvuta msomaji, pamoja na namba ya ISBN, ambayo tangu mwaka 2007 ina tarakimu 13. Wanafunzi wengi huchora mbele tu wakadhani wamemaliza.

Kazi hii ni ya usomaji kabla ya kuwa ya uchoraji. Katika Kusadikika ya Shaaban Robert (1951) kuna nchi iliyo angani, mshtakiwa Karama anayejitetea mbele ya mfalme, na wajumbe waliotumwa pande sita. Mwanafunzi ambaye hakuisoma atachora mfalme na kiti chake, basi. Aliyeisoma atapata shida zaidi, kwa sababu ana mengi ya kuchagua: nchi isiyo na ardhi chini yake, kizimba, au njia sita zinazotawanyika. Akivirundika vyote, jalada halisemi kitu. Kuchagua kimoja na kuacha vingine ni uhakiki kamili, hata kabla penseli haijagusa karatasi.

Takadini ya Ben Hanson, inayosomwa katika sekondari za Tanzania, huzua suala jingine. Sekai anapotoroka kumwokoa mwanawe mwenye ualbino, mama aliyebeba mtoto mgongoni ni picha inayofaa, kwani hapo ndipo kisa kinapoanza safari yake bila kufichua mwisho. Mtoto huyo achorwe kama mtoto, si kama mzimu. Jalada linaloogopesha lingerudia dhuluma ile ile ambayo riwaya inaipinga.

Vipimo hufuata. Kitabu cha A5 kina upana wa milimita 148 na kimo cha milimita 210. Kurasa 200 ni karatasi 100; kila moja ikiwa na unene wa milimita 0.1, mgongo huwa milimita 10. Jalada lililokunjuliwa basi lina upana wa milimita 306, na karatasi ya A4 yenye urefu wa milimita 297 haitoshi. Manila inafaa zaidi. Pembezoni huongezwa milimita 3 za rangi kila upande, zitakazokatwa kiwandani. Herufi za jina zisomeke kutoka upande wa pili wa darasa; mapambo yanayozifunika yaondolewe.

Mwisho, kila mwanafunzi aandike aya moja ya kutetea uamuzi wake kwa kutaja tukio mahususi kitabuni. Aya hiyo ipewe uzito katika usahihishaji. Mchoro dhaifu wenye utetezi wa namna hiyo unastahili alama nyingi kuliko picha nzuri iliyonakiliwa kutoka kwenye intaneti, ambayo, isitoshe, mara nyingi ina mwenyewe.