Pale na Mle: Istilahi za Diski katika Mfumo wa Linux



Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazozungumza Kiswahili. Mhadhara huu unashuka chini ya programu za ofisi, hadi kwenye diski yenyewe, ambako kosa la istilahi linaweza kufuta kazi ya miaka.

Linux ina utaratibu uitwao LVM. Huo hukusanya diski kadhaa kuwa kundi moja, kisha hulikata kundi hilo vipande vinavyoweza kupanuliwa kadiri ya mahitaji. Kipande hicho kwa Kiingereza huitwa kwa neno ambalo Kiswahili hulifasiri “juzuu” likihusu kitabu, na “ujazo” likihusu kipimo. Yote mawili yanapotosha. “Hifadhi ya kimantiki” inafaa zaidi.

Tatizo la pili ni sehemu za diski. “Kizigeu” ni kiambaza kinachotenga chumba, ilhali kinachotajwa hapa ni chumba chenyewe. “Kigawe” na “kigawo” vimekwisha kutwaliwa na hisabati. Linabaki “fungu”: sehemu iliyotengwa kwa ajili ya kitu au mtu.

Mara nyingi hifadhi ya kimantiki hukabidhiwa kompyuta pepe. Kompyuta hiyo huiona kama diski kamili, huiandikia jedwali la mafungu na kuanza kuitumia. Siku kompyuta pepe isipowaka, msimamizi hutaka kuyafikia mafungu hayo kutoka kwenye mashine mwenyeji. Akijaribu kuipachika hifadhi nzima, hukataliwa. Asiyeelewa sababu hudhani hifadhi imeharibika, akaiumba upya, na data ikapotea.

Sarufi ya Kiswahili inaeleza sababu hiyo vizuri. Mahali pana viambishi vitatu, na viwili vinahusika hapa: -po na -mo. Kiini cha Linux kinajua hifadhi ilipo, lakini hakijui yaliyomo, kwa sababu kwa kawaida hutafuta mafungu katika diski halisi, si katika hifadhi za kimantiki. Msimamizi amefika pale, hajaingia mle.

Mlango wa kuingilia ni programu ya kpartx. Amri “kpartx -av”, ikifuatwa na jina la hifadhi, husoma jedwali na kulipa kila fungu jina lake chini ya /dev/mapper. Hapo fungu huweza kupachikwa. Njia nyingine ni kutaja umbali: fungu likianza sekta ya 2,048, na sekta ikiwa ya baiti 512, mwanzo wake ni baiti ya 1,048,576.

Masharti ni mawili. Kwanza, kompyuta pepe iwe imezimwa, na fungu lipachikwe kwa kusomwa tu pale inapotosha, kwani waandishi wawili wasiojuana huharibu faili. Pili, kutoka kufuate kinyume cha kuingia: fungu lipachuliwe, kisha “kpartx -d” iondoe majina, ndipo kompyuta pepe iwashwe tena.

Mwanaisimu anayebuni istilahi, basi, hana budi kwanza kuuelewa utendaji wa kitu anachokipa jina. Anayesoma “kizigeu” atatafuta ukuta. Anayesoma “fungu lililomo hifadhini” atajua kuna mlango wa kufungua kabla ya kufikiria kufuta.